Kikohozi na Kazi: Vimiminika vya Viwandani na Mapafu ya Mafundi wa Singida

Alizeti ya Singida huanza kuvunwa mwezi wa Mei, na tangu hapo mashine za kukamua hazipumziki hadi mbegu ziishe maghalani. Mjini kuna kiwanda kikubwa cha Mount Meru Millers, na kutoka hapo kwenda Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni vimetapakaa viwanda vidogo vya watu binafsi, vingine vyenye mashine moja tu. Ndani ya kila mashine ya kukamua mna parafujo nene ya chuma inayosukuma na kubana mbegu. Mchanga ulioingia na mbegu huila polepole. Parafujo ikishalika hupelekwa karakana, hujazwa chuma kwa kulehemu, kisha hukerezwa irudi kwenye kipimo chake. Msimu wa mafuta ya kula, basi, ni msimu wa mafundi wa chuma pia. Mafundi hao, pamoja na wa gereji na wakamuaji wenyewe, hushinda katikati ya vimiminika: mafuta ya kukatia chuma, maji ya kupoozea mashine, dizeli, tina, viyeyushi vya kiwandani. Ni nini kinachoingia vifuani mwao, na wakiugua, nani anatambua kwamba kazi ndiyo iliyowauguza?

Maoni yangu nayasema mapema. Tanzania ina sheria ya usalama kazini, ina mfuko wa fidia, na ina madaktari wanaoyajua magonjwa haya. Kinachokosekana ni kiungo kimoja kati ya kikohozi na kazi: swali analopaswa kuulizwa mgonjwa siku ya kwanza anapofika zahanati. Swali hilo lisipoulizwa, mengine yote yaliyojengwa kwa gharama kubwa hayamfikii.

Tuanze na mashine ya kukereza. Chuma kinapokatwa hupata joto kali, na ncha ya kukatia isipopoozwa huungua. Kwa hiyo fundi humwagia kimiminika. Kipo cha aina ya mafuta matupu, na kipo cha mafuta yaliyochanganywa na maji, kwa kawaida sehemu 5 hadi 10 za mafuta katika sehemu 100 za mchanganyiko, kikawa cheupe mithili ya maziwa. Kimiminika hicho kikigonga chuma kinachozunguka kwa kasi hupasuka kuwa matone madogo mno, na sehemu nyingine hugeuka mvuke. Matone makubwa huanguka sakafuni na kulowesha ovaroli. Yale madogo kabisa ndiyo yanayobaki hewani, huvutwa na kufika ndani ya mapafu, na ndiyo macho hayayaoni. Katika karakana iliyoezekwa mabati yenye matundu, mwali wa jua unaopenya juu huonyesha mara moja ukungu ambao dakika moja kabla ulidhaniwa haupo. Wakaguzi wa Uingereza hutumia kanuni hiyohiyo: huwasha taa kali upande mmoja wa mashine na kutazama kutoka upande wa pili.

Mafuta yenyewe yana madhara yake, lakini mchanganyiko wa maji na mafuta una hatari ya ziada, kwa sababu ni chakula cha vijidudu. Ukikaa kwenye tangi la mashine, ukachanganyika na grisi na vumbi la chuma, bakteria huzaliana humo kwa mamilioni. Fundi anayefungua karakana Jumatatu asubuhi akakutana na harufu ya mayai yaliyooza tayari ana taarifa ya kutosha kuhusu tangi lake. Miongoni mwa bakteria wanaoishi humo yupo aliyepewa jina mwaka 2001, *Mycobacterium immunogenum*, ndugu wa mbali wa bakteria wa kifua kikuu. Huyu haambukizi kama kifua kikuu kinavyoambukiza. Vipande vyake, hata vya bakteria waliokwisha kufa, vikivutwa kila siku huweza kuufanya mwili ushambulie mapafu yake wenyewe. Madaktari huuita ugonjwa huo nimonia ya mzio. Wengine hawapati nimonia hiyo bali pumu itokanayo na kazi, na wengine kikohozi cha muda mrefu chenye makohozi.

Mfano unaoeleweka vizuri kuliko yote ulitokea Longbridge, Birmingham, katika kiwanda cha injini za magari cha Powertrain. Kati ya Desemba 2003 na Mei 2004 wafanyakazi 12 waligunduliwa kuwa na nimonia ya mzio. Uchunguzi ulipopanuliwa kwa watu zaidi ya 800 wa kiwanda hicho, walipatikana 87 wenye ugonjwa wa mapafu uliotokana na kazi: pumu kwa 74, nimonia ya mzio kwa 19, na baadhi yao walikuwa na magonjwa yote mawili. Uingereza ni nchi yenye wakaguzi, madaktari wa kazi na vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu. Hata hivyo ilibidi watu wengi waugue kwanza ndipo swali liulizwe kuhusu kimiminika. Marekani ilikuwa imeyaona hayo mapema, na mwaka 1998 taasisi yake ya utafiti wa afya kazini, NIOSH, ilipendekeza ukungu huo usizidi miligramu 0.4 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wakati kikomo cha kisheria cha ukungu wa mafuta ya madini nchini humo kilikuwa miligramu 5.

Karakana ya Singida si Longbridge, na ni makosa kuhamisha takwimu za huko kuja huku. Mashine nyingi za mikoani ni za zamani, zinazunguka taratibu, na fundi humwaga kimiminika kwa kopo au brashi, hivyo ukungu ni mdogo kuliko wa mashine za kasi zinazoendeshwa na kompyuta. Lakini mazoea ya karakana ndogo huongeza hatari kwa njia nyingine. Oili chafu ya injini hutumiwa badala ya mafuta ya kukatia, na ikigusa chuma cha moto hutoa moshi wenye kemikali ambazo injini imezizalisha kwa kuungua. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeyaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vya kutosha katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Vumbi la chuma hupulizwa kwa kompresa badala ya kufagiliwa kwa brashi, na pumzi moja ya kompresa hurusha hewani yale yote yaliyokuwa yametulia juu ya mashine. Gereji huosha vipuri kwa petroli au dizeli iliyopulizwa kwa presha. Na mpiga rangi, anapotumia rangi ya magari inayochanganywa na kigumishi, hukutana na kemikali za jamii ya isosianeti, ambazo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini duniani. Mapafu yakishazizoea kwa uadui, kiasi kidogo tu huamsha shambulio, na hapo kupunguza rangi hakutoshi tena.

Sasa nifike pale panaponisumbua zaidi. Nimonia ya mzio humjia mtu saa nne hadi nane baada ya kuvuta kilichomdhuru. Fundi huondoka karakana akiwa mzima, jioni akiwa nyumbani akashikwa na homa, baridi, kikohozi na kifua kubana. Asubuhi ana nafuu, anarudi kazini. Wiki zikipita anapungua uzito, anachoka, anahema akipanda mlima mdogo. Mhudumu yeyote wa afya wa Tanzania akisikia homa za jioni, kikohozi na kupungua uzito atafikiria kifua kikuu, na yuko sahihi kufikiria hivyo, kwa sababu kifua kikuu kipo na kinaua. Atapima malaria kwa kipimo cha haraka. Atachukua makohozi. Makohozi yakionyesha hakuna bakteria, na picha ya kifua ikawa na madoa au hata ikawa safi, yaani hali inayowezekana kabisa katika nimonia ya mzio, mgonjwa anaweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa dalili tu. Akipumzika nyumbani kwa sababu ya udhaifu hupata nafuu, na dawa hupewa sifa. Akirudi kwenye mashine, homa inarudi naye, na safari hii huambiwa huenda ni kifua kikuu sugu.

Hapo ndipo swali moja lingebadilisha mkondo wa ugonjwa: unafanya kazi gani, na siku usizokwenda kazini unajisikiaje? Nimonia ya mzio ikitambuliwa mapema, na mtu akaondolewa kwenye kile kinachomdhuru, mapafu mengi hupona. Ikiachwa kwa miaka, mapafu huota makovu na kukakamaa, na kovu la mapafu halifutiki. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni muda, na muda mwingi hupotelea kati ya duka la dawa na zahanati.

Kwa upande wa pumu ya kazini kuna kifaa ambacho nashangaa hakijapewa nafasi yake. Ni bomba dogo la plastiki la kupimia nguvu ya pumzi. Halihitaji umeme, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na mashine yoyote ya hospitali. Mgonjwa hupuliza walau mara nne kwa siku na kuandika namba kwenye daftari kwa wiki kadhaa, zikiwemo siku za kazi na za mapumziko. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda siku za mapumziko, ushahidi umepatikana kwa mkono wa mgonjwa mwenyewe. Huko Birmingham ndiko njia ya kuchambua namba hizo kitaalamu ilikoendelezwa. Hakuna sababu ya kitaalamu inayozuia mganga wa Kiomboi au Manyoni kuitumia.

Lipo janga jingine la vimiminika ambalo Singida inalijua kwa macho, ingawa mara nyingi halitajwi kama ugonjwa wa kazi. Mkoa huu umekatwa na barabara kuu inayotoka Dar es Salaam na Dodoma kwenda Mwanza na mipakani. Malori, matrekta na jenereta vipo kila mahali, na kila mahali yupo kijana anayenyonya dizeli kwa mpira ili ihame kutoka tangi moja kwenda jingine. Dizeli ni nyepesi, hutambaa haraka kuliko maji. Ikimpalia mtu, kiasi kidogo tu kinachoteleza kuingia kwenye njia ya hewa husambaa ndani ya mapafu na kuyachoma. Kikohozi huanza papo hapo, na ndani ya saa chache hadi siku moja hufuata homa, maumivu ya kifua na kuhema. Ni nimonia ya kemikali, na anayeugua kwa kawaida ni utingo au fundi msaidizi, kijana asiyeweza kukataa agizo.

Na hapa tiba ya mtaani huongeza jeraha. Aliyemeza dizeli au mafuta ya taa hunyweshwa maziwa, au hutiwa kidole kooni atapike. Kutapika ndiko kunakoyarudisha mafuta kooni na kuyapa nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Asitapishwe, asinyweshwe kitu kwa nguvu, avuliwe nguo zilizolowa, apelekwe hospitali, na daktari aambiwe wazi kuwa ni dizeli na ilikuwa saa ngapi. Imani ya maziwa imeenea pia kwa wachomeleaji na wapiga rangi, ambao baadhi ya waajiri wao huwapa pakiti moja kwa siku wakidhani wametimiza wajibu. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Hayafiki mapafuni wala hayaoshi kilichokwisha kuvutwa. Pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta ingemkinga kijana huyo kikamilifu, na mwenye lori anayeweza kununua tairi hashindwi kuinunua.

Katika viwanda vya kukamua alizeti hali ni ya mchanganyiko. Mbegu hupashwa moto kabla ya kubanwa, mafuta ya moto hutoa mvuke na matone, na boila huchochewa kwa maganda ya alizeti yenyewe. Vumbi la mbegu na la mashudu, hasa mashudu yaliyoshika unyevu na kuota ukungu, huweza kuleta pumu na nimonia ya mzio ya aina ileile niliyoieleza, ingawa chanzo chake si kimiminika. Kiwanda kikubwa kinachotoa mafuta kwenye mashudu kwa kiyeyushi hutumia heksani. Heksani inajulikana zaidi kwa kuharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu na kwa kulipuka kuliko kwa kudhuru mapafu, kwa hiyo mfanyakazi anayelalamika ganzi miguuni asipewe jibu la kikohozi. Usafishaji wa mafuta huhitaji magadi makali, ambayo matone yake huunguza njia ya hewa, na udongo wa kung'arishia, ambao vumbi lake linaweza kuwa na silika.

Migodini sitakaa sana. Sekenke, kule Iramba, imechimbwa tangu enzi za Wajerumani, na dhahabu yake ndiyo iliyotengeneza sarafu za Tabora mwaka 1916. Leo wachimbaji wadogo wa mkoa huu wanaendelea na duara na makarasha yao, na tangu 2023 mgodi mkubwa wa Shanta huko Mang'onyi, Ikungi, unazalisha. Adui mkuu wa mapafu hapo ni vumbi la silika, ambalo pamoja na kuyakakamaza mapafu humwongezea mtu hatari ya kifua kikuu mara kadhaa. Kimiminika cha kuogopwa ni zebaki: ikichomwa ndani ya chumba kilichofungwa, mvuke wake unaweza kuunguza mapafu hadi kuua, kabla hata ya madhara yake yanayojulikana zaidi kwenye ubongo na figo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020. Maji, kwa upande mwingine, ni kimiminika kinachookoa, kwa sababu mwamba ukichorongwa ukiwa umeloweshwa hautoi vumbi hilo. Katika mkoa mkame kama Singida, ndoo ya maji ya kulowesha mwamba hugombaniwa na ndoo ya kunywa, na mchimbaji hujua ipi itashinda.

Wataalamu wa Tanzania hawajalala. Julius Mwaiselage alichunguza mapafu ya wafanyakazi wa kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Simon Mamuya akawachunguza wachimbaji wa makaa ya mawe Kiwira, Akwilina Kayumba viwanda vya mkonge, na Gloria Sakwari viwanda vya kahawa. Kazi zao, nyingi zikifanywa na Chuo Kikuu cha Muhimbili kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway, zimeonyesha uhusiano kati ya vumbi la kazini na matatizo ya kifua. Hospitali ya Kibong'oto huko Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, imejijengea uzoefu wa kuwahudumia wachimbaji wa Mirerani. Ukiyatazama yote hayo pamoja unaona kwamba jicho la utafiti limekuwa kwenye vumbi. Hilo lina sababu njema, kwa kuwa vumbi ndilo linalogusa watu wengi zaidi. Lakini ukungu wa mafuta umebaki nyuma, na karakana ya watu watano haimwiti mtafiti kama kiwanda cha saruji kinavyomwita.

Sheria nayo imeandikwa kwa kufikiria kiwanda. Sheria ya Viwanda ya kikoloni ya mwaka 1950 ilidumu hadi ilipofutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala ulioanzishwa 2001. Inamtaka mwajiri asajili eneo la kazi na wafanyakazi wapimwe afya wanapoanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka. Kipimo cha kuanza kazi ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: bila namba ya pumzi ya siku ya kwanza, hakuna cha kulinganisha na namba ya mwaka wa kumi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na Sheria Na. 20 ya 2008 na kuanza kazi Julai 2015, ni hatua kubwa mno ukikumbuka kwamba chini ya sheria ya zamani ya fidia, malipo ya ulemavu wa kudumu hayakuzidi shilingi 108,000.

Waajiri wakubwa wanaweza kutimiza haya, na wakaguzi wanaweza kuwafuata. Karakana ndogo inahitaji kitu kingine, na nadhani kitu hicho ni ushauri kabla ya faini. Mafundi waambiwe hivi: mmwage mchanganyiko ulionuka na msafishe tangi lote, badala ya kuongeza mpya juu ya uchafu. Mwondoe mafuta yanayoelea juu. Mweke kompresa mbali na mashine ya kukereza. Mfungue upande wa pili wa banda ili upepo, ambao Singida inao tele kiasi cha kuvutia wawekezaji wa umeme, upite na kutoka. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wala ukungu mwembamba, na mpiga rangi anayeitegemea hana kinga. Elimu hii inaweza kutolewa na vyuo vya ufundi vya VETA kwa vijana wanaojifunza ufundi kabla hawajazoea vibaya, na mkaguzi wa OSHA wa Kanda ya Kati akaikuta tayari inatendeka. Sipendi ushauri wa haraka wa kumwambia fundi aache kazi. Mashine ya kukereza ndiyo ada ya watoto wake, kwa hiyo kibadilishwe kimiminika kwanza, ibadilishwe hewa ya banda, naye ahamishwe kazi ndani ya karakana hiyohiyo pale inapowezekana.

Linabaki suala la fidia, na ndilo gumu kuliko yote. WCF hulipa mfanyakazi mwenye mwajiri. Mtu aliyelehemu parafujo kwa malipo ya kipande katika karakana ya Iramba msimu huu, akapiga rangi gereji ya mjini msimu uliofuata, kisha akabeba mashudu kiwandani kwa malipo ya siku, anaweza kuanza kuhema miaka kadhaa baadaye akiwa amerudi shambani kwake Mkalama. Ajali ya mkono ina siku, saa na mashahidi. Ugonjwa wa mapafu unahitaji mnyororo wa kumbukumbu: nani alimwajiri, kwa muda gani, alivuta nini, pumzi yake ilikuwaje. Kadi ya kliniki inayobebwa na mtu mwenyewe, yenye mstari mmoja wa kazi anayoifanya na kimiminika anachokigusa, ikijazwa kila anapokohoa mbele ya mhudumu wa afya, ingekuwa mwanzo wa kumbukumbu hiyo hata pale ambapo hakuna mkataba wa ajira. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Makiungu, Iambi na Mtakatifu Gaspar Itigi zinaweza kuanza kuiandika bila kusubiri sheria mpya.